Spika isiyo na lake

Hotuba kwa wapenzi wa muziki, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata sauti ya kweli nyumbani, kwa spika za sebuleni, siyo zile za kuchomeka masikioni. Najua wengi mmekuja na swali moja mfukoni: ninunue spika gani? Hilo naliweka kiporo, na huenda lisipakuliwe kabisa usiku huu. Mtu anaweza kununua spika nzuri kuliko zote mjini, akaifikisha kwake, akaiweka mahali pabaya, ikamtolea muziki mbaya kuliko redio ya mbao ya babu yake.

Kwanza tukubaliane sauti ya kweli ni ipi. Kilichorekodiwa kina besi yake, kina sauti zake za kati na za juu, kila kitu kwa kiasi chake. Kazi ya spika ni kukitoa hivyo hivyo. Kama mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, alidonoa uzi kwa ulaini, usikie ulaini. Kama mwimbaji alirudi nyuma ya maikrofoni, usikie amerudi nyuma. Spika ya kweli haina lake. Haimpendelei mpiga besi, haimpambi mwimbaji, wala haikubembelezi wewe uliyeilipia.

Hapo ndipo biashara inapogombana na ukweli. Ingia duka lolote la sabufa pale Kariakoo. Kijana wa dukani atapandisha besi mpaka vioo vya kabati vilie, atapandisha na trebo, yaani sauti za juu, halafu atakutazama usoni. Kwa dakika mbili utasema, naam, huu ndio mziki mnene. Uchukue, ufike nao nyumbani, usikilize jioni nzima: masikio yanachoka, maneno ya mwimbaji yamezama, na kila wimbo, uwe wa taarabu, wa dansi au kaswida, unanguruma kwa namna ile ile. Hilo la mwisho ndilo kipimo changu cha haraka kuliko vyote. Spika inayofanya rekodi zote zifanane ina lake jambo.

Chukueni mfano wa Siti binti Saad. Alirekodiwa Bombay mwaka 1928, kwa lebo ya His Master's Voice. Vifaa vya wakati ule havikuweza kunasa besi za chini kabisa wala sauti za juu kabisa. Kwa hiyo spika ya kweli itakupa sauti nyembamba, yenye mkwaruzo wa santuri, na Siti mwenyewe yupo pale katikati, unasikia kila herufi. Ukisikia santuri ya 1928 inatikisa sakafu, basi besi hiyo haikutoka Bombay. (Kicheko.)

Tukiwa bado dukani, tulimalize na hili la wati. Boksi limeandikwa "Wati 10,000 PMPO". Soketi ya ukutani kwako ni ya ampea 13, na umeme wetu ni wa volti 230. Zidisha: haifiki hata wati 3,000. Sasa hizo elfu saba za ziada zinatoka wapi? Geuza sabufa, usome kile kibati kidogo cha nyuma kinachoeleza inakula umeme kiasi gani. Hicho ndicho kinachosema kweli. PMPO, hiyo inayoitwa nguvu ya kilele, haina kanuni yoyote inayomfunga mtengenezaji. Tafuta namba ya RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, na hata hiyo isikutie wazimu. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushtuka. Spika ya kawaida ya nyumbani ikilishwa wati moja hutoa desibeli 85 au 87 ukiipima kwa mita moja. Hiyo ni sauti ya kutosha kumfanya mwenzio apaze sauti ili umsikie. Muda mwingi wa maisha yake, amplifaya yako inafanya kazi kwa wati moja au mbili. Zile nyingine ni akiba kwa ajili ya kishindo cha ghafla cha ngoma.

Spika yenyewe kwa undani haijabadilika sana tangu Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walipoionyesha dunia mwaka 1925: koili ndani ya sumaku, koili inasukuma koni, koni inasukuma hewa. Kilichobadilika ni uwezo wetu wa kujua ipi ni ya kweli. Na hapa lazima nimtaje Floyd Toole, aliyefanya kazi miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, mjini Ottawa. Toole alificha spika nyuma ya pazia linalopitisha sauti, akasawazisha ukubwa wa sauti zao, akawapigia watu muziki ule ule. Watu tunaodhani kila mmoja ana ladha yake walielekea kukubaliana kwa kiasi cha kushangaza. Walizipa alama za juu zile zenye sauti iliyonyooka, zisizo na masafa, yaani ngazi za sauti kutoka besi hadi za juu, yanayochomoza wala yanayodidimia, na ambazo ukisimama pembeni yake zinabaki na tabia ile ile ya mbele, pungufu kidogo tu. Baadaye, mwaka 1994, yeye na mwenzake Sean Olive walitangaza matokeo mengine. Wasikilizaji walizipa spika alama bila kuziona, kisha wakazipa alama tena wakiwa wanaziona. Zile kubwa na za fahari zikapanda. Moja ndogo ya bei nafuu, iliyokuwa imefanya vizuri gizani, ikaporomoka. Masikio ni yale yale. Macho yalikuwa yameingilia.

Kwa hiyo mkienda kununua, nendeni wawili. Mmoja afumbe macho, mwingine abadilishe spika, na kila mara asawazishe sauti, kwa sababu inayopiga juu zaidi hata kidogo hushinda bila haki. Msicheze muziki kwanza. Chezeni mtu anayesoma taarifa ya habari. Sauti ya binadamu tunaijua tangu tumboni mwa mama. Ikizungumzia puani au kama iko ndani ya ndoo, utajua mara moja. Kisha tembea taratibu kutoka mbele ya spika kwenda ubavuni. Ikiwa msomaji anabadilika ghafla akawa kama amefunikwa shuka, iache dukani. Baada ya hapo tafuteni rekodi yenye kayamba. Kwenye spika ya kweli unasikia mbegu zinakimbia ndani ya matete. Kwenye spika mbovu unasikia "chaa, chaa" tu, kama mtu anakaanga.

Sasa tuingie nyumbani, maana nyumbani ndiko kwenye kazi.

Sauti hapa kwetu, kwa joto hili la pwani, inakwenda kasi ya mita 347 hivi kwa sekunde. Sikio zima la kijana husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde, yaani hezi 20, hadi 20,000. Wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita tatu na nusu. Wimbi la hezi 50, besi yenyewe, lina urefu wa karibu mita 7. Fikirini hilo. Sebule yako ina mita 5 kwa 4. Wimbi ni refu kuliko chumba! Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja, na kwa masafa fulani mawili hayo yanashikana yanasimama pale pale. Mahali pengine chumbani panajaa, mahali pengine panakuwa patupu.

Kuyajua masafa hayo ni hesabu ya darasa la sita: kasi ya sauti igawe kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili. Sebule ya mita 5 ina wimbi lake la kwanza kwenye hezi 35 hivi. Upana wa mita 4 unatoa hezi 43. Dari la mita 2.8, hezi 62. Halafu yanafuata maradufu yake, 69, 87, na kuendelea. Sasa mpeni mpiga gitaa la besi nafasi humo. Uzi wake mnene ukiachiwa ni E, hezi 41. Nota inayofuata, F, ni hezi 44 kasoro: imeangukia pale pale chumba kinapopenda. G ni 49, hiyo imekaa katikati ya patupu. Jamaa amepiga nota tatu kwa nguvu sawa, studio imezinasa sawa, spika imezitoa sawa. Wewe kwenye kochi unasikia F inavuma na kukataa kuondoka, na G ni kama hakuipiga. Chini ya hezi 200 au 300, ndugu zangu, msemaji mkuu ni chumba. Spika inabaki mjumbe.

Na vyumba vyetu vina ukaidi wa pekee. Vitabu vingi vya mambo haya vimeandikwa Marekani na Kanada, ambako kuta za ndani ni mbao zilizopigiliwa bodi za jasi. Ukuta wa namna ile unacheza, unakula besi kidogo na nyingine inapita kwenda nje. Sisi tumejenga kwa tofali za saruji na plasta. Ukuta wetu hauli kitu. Unarudisha besi karibu yote iliyoletwa. Ndiyo maana ushauri mzuri wa wenzetu ukiuleta hapa unafanya kazi nusu. Na kama sebule yako ni ya mraba, mita 4 kwa 4, pole: mawimbi ya urefu na ya upana yanaangukia sehemu moja na kusaidiana.

Wengi tunaegemeza kochi ukutani. Ukutani ndipo mawimbi haya yote yana nguvu zaidi, kwa hiyo baba mwenye nyumba anayekaa pale anasikia besi nene na anaridhika, huku mgeni aliyewekewa kiti katikati ya chumba anashangaa anasifia nini. Sogeza kochi mbele. Hata nusu mita inaonekana. Usiliweke katikati kabisa ya urefu wa chumba, kwa kuwa pale wimbi la kwanza ni patupu. Theluthi moja kutoka ukuta wa nyuma ni pazuri pa kuanzia.

Sabufa nayo tunaitupa kwenye kona kwa sababu kona ina nafasi. Kona huamsha kila wimbi la chumba kwa pamoja. Fanya hivi, na watoto wawepo maana watafurahi. Ondoa mto wa kochi, iweke sabufa pale pale unapokaa wewe, waya umefika au umeuunga. Cheza wimbo wa dansi wenye gitaa la besi linalotembea, lisilokaa nota moja. Halafu piga magoti, utambae kandokando ya kuta, kichwa kikiwa kwenye kimo cha sabufa. Utafika mahali besi inavimba, mita moja mbele inakauka. Endelea. Kuna mahali utasikia nota zote zinatembea kwa hatua sawa, hakuna inayorukwa, hakuna inayopiga kelele. Weka alama kwa chaki. Rudisha mto, peleka sabufa kwenye alama. Njia kati ya pointi mbili ni ile ile kwa sauti inayokwenda na inayorudi, kwa hiyo ulichosikia ukiwa magotini ndicho utakachosikia ukiwa umekaa. Mara nyingi alama hiyo huwa karibu na ukuta lakini siyo konani, na mara nyingi huwa pale ambapo mama mwenye nyumba ana chungu cha maua. Hayo mazungumzo siwezi kuwasaidia.

Juu ya besi tuna tatizo lingine, la vigae. Hebu ukumbi mzima, nikihesabu tatu, tupige kofi moja. (Ukumbi unapiga kofi.) Mmesikia, humu kuna mapazia na viti vya kitambaa, limekufa haraka. Nendeni mkapige kofi lile lile kwenye sebule mpya, vigae chini, plasta ukutani, jasi juu, vioo vya alumini. Utasikia "trrrr" kama nzi wa chuma, sauti inaruka kati ya kuta mbili zinazotazamana.

Wallace Sabine, kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa mwaka 1895 kazi ya kuponya ukumbi uliokuwa hausikiki. Alifanya nini? Usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akaipanga humo, akapima sauti inachukua sekunde ngapi kufa, akaongeza mito, akapima tena. Kutokana na mito ile tuna kanuni tunayotumia hadi leo: sekunde za mvumo ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawa kwa eneo linalofyonza sauti. Sebule yetu ya mita 5 kwa 4 kwa 2.8 ina ujazo wa mita za ujazo 56. Ikiwa tupu ya vigae, ufyonzaji wake haufiki mita 5 za mraba, na mvumo unafika sekunde mbili. Huo ni mvumo wa kanisa. Ukitaka nusu sekunde, unahitaji kama mita 18 za mraba za ufyonzaji. Makochi ya sponji na kitambaa, zulia nene lenye kitu chini yake, pazia zito lililokunjamana na kushuka hadi chini, kabati la vitabu: unakaribia bila kununua kifaa chochote cha kitaalamu. Mkeka hausaidii sana, kanga iliyotundikwa ukutani haisaidii kitu isipokuwa macho. Kitu chembamba hufyonza sauti za juu tu na kuiacha sehemu ya kati ikilia. Unene ndio unaofanya kazi: fremu ya mbao, sentimita 10, imejazwa sufi au pamba, imefunikwa kitambaa kinachopumua.

Na treya za mayai! Kila studio ya mtaani ina ukuta wa treya za mayai. Ni karatasi nyembamba. Zinagusa sauti za juu kidogo, basi, wala hazizuii sauti kutoka kwenda kwa jirani.

Fremu hizo ziwekwe wapi? Mtu mmoja akae kwenye kochi, mwingine atembeze kioo kwenye ukuta wa pembeni, kwa kimo cha kichwa. Pale aliyekaa anapoiona spika ndani ya kioo, ndipo sauti inapodundia kwanza kumfikia. Mdundo huo unachelewa milisekunde chache tu nyuma ya sauti ya moja kwa moja. Sikio huuchanganya na ile ya kwanza badala ya kuusikia kama mwangwi, na matokeo yake ni kwamba sauti ya mwimbaji inabadilika rangi na mahali aliposimama panapanuka na kupoteza ncha.

Mahali aliposimama, nasema, kwa sababu stirio ni mahali. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI huko Uingereza, aliomba hataza yake mwaka 1931, na msingi wake ni huu: spika mbili, msikilizaji mmoja, na kati ya spika hizo mwimbaji anayeonekana kwa masikio. Sisi tunanunua spika mbili, moja tunaiweka juu ya kabati la televisheni, nyingine tunaipeleka barazani ili wageni wa nje nao wasikie. Hiyo ni huduma kwa jamii, lakini siyo stirio. Spika mbili na wewe mfanye pembetatu yenye pande sawa, mita mbili au mbili na nusu kila upande, spika ya sauti za juu iwe sawa na masikio yako ukiwa umekaa. Kitambaa cha kufuma chenye matundu, kile cha mama, kikiangukia mbele ya spika hakina madhara makubwa. Cha satini chenye malinda kinakata kayamba yote. Chungu cha maua juu ya spika ya besi kiondoke. Kinalia, na utamlaumu mpiga ngoma bure.

Sasa fumba macho, cheza tena yule msomaji wa habari, sauti moja kwa spika zote mbili. Anatakiwa awe katikati, pembamba, unaweza kumnyooshea kidole. Kama yupo kila mahali na hayupo popote, na besi imepotea, nenda nyuma ukatazame waya. Spika moja imefungwa nyekundu kwenye nyeusi. Koni moja inasukuma wakati mwenzake anavuta. Nimeingia nyumba za watu waliokwisha kuuza spika mbili nzima kwa sababu ya kosa hilo la dakika moja.

Kuhusu ikwalaiza, vile vitufe vya kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine, nina maneno machache. Kwanza panga chumba, ndipo uguse vitufe. Ukiwa na kompyuta, kuna programu ya Room EQ Wizard, inatolewa bure; ukiitumia na maikrofoni ya vipimo ya kuchomeka kwa USB, inakuchorea sauti ya chumba chako. Ile ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno, usiiamini kwenye besi. Ukiona mlima kwenye mchoro, punguza mlima. Ukiona bonde, liache. Bonde ni patupu palipochimbwa na chumba chenyewe: kuongeza desibeli 10 pale ni kudai amplifaya itoe nguvu mara kumi, na chumba kinaendelea kuimeza. Pia pima kwa masikio yako, kwa ukubwa ule wa sauti unaosikilizia kila siku. Fletcher na Munson, watafiti wa maabara ya kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishuka, sikio letu hupoteza besi kwanza. Ukipanga besi saa sita mchana kwa sauti kubwa, saa nne usiku itakuwa imetoroka, na ukiipanga usiku, mchana jirani atagonga mlango.

Mwisho ni waya, maana naona bwana mmoja safu ya tatu amenyoosha mkono tangu nilipolitaja neno hilo. Shaba ya milimita za mraba 2.5, umbali wa mita 5, ina ukinzani usiofika hata sehemu moja ya kumi ya ohmu kwenda na kurudi, dhidi ya spika ya ohmu 8. Inatosha. Ila sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, unauzwa kwa bei ya shaba. Toa uzi mmoja, ukwaruze kwa wembe. Ndani ukiwa mweupe, dai punguzo au nunua mnene zaidi. Waya wa bei ya spika mimi sijawahi kumwambia mtu anunue. Pesa hiyo ipeleke kwenye zulia.

Haya bwana, maikrofoni inakuja kwako.